Halda: Mto unaongojewa mwaka mzima

Yako mazao ambayo mkulima huyapanda kisha akayangoja, na yako mazao ambayo hayapandwi na mtu. Kusini-mashariki mwa Bangladesh uko mto uitwao Halda, ambao watu wa kingo zake huvuna zao lao katika usiku mmoja au siku chache tu kwa mwaka, wala hawaijui mapema tarehe yenyewe. Zao hilo ni mayai ya samaki. Mwenye kulala usiku huo amekula hasara ya mwaka mzima.

Halda haumo katika orodha ya mito mikubwa ya dunia. Urefu wake ni kama kilomita 100 hivi, yaani karibu na mwendo wa kutoka Nairobi hadi Naivasha. Huanzia katika vilima vya Ramgarh, ukateremka kupitia mashamba ya majani chai ya Fatikchhari, kisha ukaingia katika nchi tambarare ya mpunga, upande mmoja ukiwa Hathazari na upande wa pili Raozan. Karibu na Kalurghat, nje kidogo ya mji wa Chittagong, unamwaga maji yake katika mto Karnaphuli, nao Karnaphuli unayapeleka katika Ghuba ya Bengali.

Mji wa Chittagong, ambao tangu mwaka 2018 huandikwa rasmi Chattogram, ndio bandari kuu ya Bangladesh. Si mgeni kabisa kwa historia yetu sisi watu wa pwani. Yule msafiri wa Moroko, Ibn Batuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mnamo mwaka 1331, miaka kama kumi na mitano baadaye alishuka katika bandari moja ya Bengali aliyoiita Sudkawan, na wanazuoni wengi wanaamini kwamba bandari hiyo ni Chittagong hii hii. Alisifu wingi wa vyakula vya nchi hiyo na urahisi wa bei zake. Watu wa huko hawajaacha kusema kwamba Mbengali ni wali na samaki, nao wakisema samaki, mara nyingi picha inayowajia kichwani ni ya rui.

Rui, ambaye Wahindi humwita rohu, ni samaki wa maji baridi wa ukoo ule ambao Wazungu huuita karpi. Ana umbo la kupendeza: mwili mnene kati na mwembamba mwishoni, magamba makubwa yenye mng'ao wa fedha uliochanganyika na wekundu, na mdomo unaotazama chini wenye midomo minene kama aliyenuna. Mtaalamu aliyemweleza kwanza kisayansi samaki huyu, ambaye leo huitwa Labeo rohita, alikuwa daktari Mskoti aitwaye Francis Hamilton, katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu samaki wa mto Ganges. Lakini mpishi wa Bengali hakumngoja Mskoti ili amjue rui. Samaki huyu ameishi tangu zamani katika mito ya Indus, Ganges na Brahmaputra, na ile ya Burma inayoitwa leo Myanmar.

Huko Bengali rui ni samaki wa heshima. Kwetu magharibi mwa Kenya firigisi ya kuku ina mwenyewe, na mtoto akiigusa hujua kilichompata. Kwao kichwa cha rui ndicho chenye mwenyewe. Hupikwa pamoja na wali au dengu, kikawekewa mgeni mkubwa au mkwe aliyekuja kutembea. Siku ya harusi nako, miongoni mwa zawadi zinazotoka nyumba moja kwenda nyingine, humo katikati hulazwa rui mzima mkubwa juu ya sinia, amevishwa nguo kama bibi harusi, na pengine ametiwa pete puani. Msomaji anayeona ajabu na akumbuke mbuzi wanaotangulia katika mahari zetu.

Katika mabwawa ya kufugia samaki, rui huishi na jamaa zake wawili bila ugomvi. Mmoja ni katla, mwenye kichwa kikubwa, ambaye hula karibu na uso wa maji. Mwingine ni mrigal, ambaye hutafuta riziki yake chini kwenye tope. Rui mwenyewe hukaa ghorofa ya kati akila mimea na vijidudu vya majini. Basi mfugaji huwaweka wote watatu katika kidimbwi kimoja kama nyumba ya kupanga, kila mpangaji na chumba chake, na hakuna pembe ya maji inayokaa bure. Mpango huu ndio unaowalisha mamilioni ya watu katika India na Bangladesh.

Ila kuna kasoro moja, nayo ndiyo chanzo cha habari hii ya leo. Rui hunenepa vizuri katika kidimbwi, jike huota mayai tumboni, dume huwa tayari, lakini hawazai. Maji yaliyotulia hayawapi ile ishara. Huweza kukaa hivyo msimu mzima, mayai laki kadhaa au hata zaidi ya milioni mbili tumboni mwa jike mmoja, yasitoke hata moja. Samaki huyu anataka mto: maji yanayokimbia, mvua mpya na mafuriko.

Ndiyo sababu kwa karne nyingi mfugaji wa Bengali alinunua vifaranga waliotolewa mtoni, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Tarehe 10 Julai 1957, katika mji wa Cuttack nchini India, mwanasayansi Hiralal Chaudhuri alifaulu kuwazalisha samaki wa jamii hii kwa kuwadunga sindano ya dawa iliyotolewa katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa samaki wengine. Mwili wa jike ulidanganyika kwamba mvua imefika. India huiadhimisha tarehe hiyo kila mwaka kuwa siku ya wafugaji wa samaki, na ni haki yao, kwani tangu hapo vituo vya kuzalishia vifaranga vimeenea kila mahali.

Mtu angedhani basi kwamba mto Halda ungesahauliwa. Haikuwa hivyo. Mwenye kituo, kwa kutaka faida ya haraka, huwa na wazazi wachache, akawazalisha hao hao mwaka baada ya mwaka, ndugu kwa ndugu, na wakati mwingine akachanganya koo ambazo Mungu hakuzichanganya. Baada ya vizazi kadhaa vifaranga hudumaa na kufa ovyo. Mfugaji mwerevu anayetaka damu mpya hurudi mtoni, ambako dume na jike hukutana kwa hiari yao. Katika mito mingine ya Bangladesh watu hukamata vifaranga waliokwisha kuanguliwa. Halda ndio mto ambao mayai yenyewe, yakiwa yamekwisha kurutubishwa, huchotwa majini wakati ule ule yanapotagwa.

Na tuwatazame sasa hao wachotaji. Kuanzia mwezi wa Aprili hadi Juni wanakijiji wa Hathazari na Raozan huanza kuutazama mwezi angani kama watu wa Lamu wanavyoutazama. Halda, ingawa maji yake ni baridi, hujaa na kupwa kwa nguvu za bahari iliyo karibu. Mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, wakati ambao watu wetu wa pwani huuita bamvua, wao huuita jo. Lakini jo peke yake haitoshi. Lazima mvua kubwa inyeshe vilimani kwa radi na ngurumo, maji mekundu yateremke kwa kasi, mto utoe povu na joto lake lipungue. Mambo hayo yote yakutane katika siku zile chache. Mwezi ukiwa mpevu na mbingu ikawa kavu, samaki hungoja jo ijayo. Mvua ikinyesha na mwezi ukiwa nusu, hungoja vile vile. Jo za msimu zikimalizika bila kukutana na radi, basi.

Wakati huo wote watu wapo mtoni. Wamekarabati mashua, wameshona nyavu, wamechimba mashimo ukingoni. Hukaa mashuani usiku kucha chini ya mwavuli au turubai, wakizungumza na kusinzia kwa zamu. Kila baada ya muda mmoja wao huinua wavu na kuutazama kwa kurunzi. Mara nyingine huona mayai machache tu. Hayo huitwa mayai ya sampuli. Samaki, kama mpishi anayeonja mchuzi kabla ya kupakua, hutoa kidogo kwanza na kuyapima maji. Yakimridhisha, baada ya saa kadhaa hutoa yote. Yasipomridhisha, hufunga tumbo lake. Wachotaji hujua kuwa wakati huo hakuna la kufanya ila kungoja na kuomba dua.

Saa ikifika, habari huenda mtoni kwa makelele. Nyavu zao ni za tundu ndogo kama za chandarua, zimetandazwa kati ya nguzo au kati ya mashua mbili zilizotiwa nanga, na mkondo wenyewe huyaleta mayai. Hayagandi kwenye majani wala mawe, bali husafiri na maji, mviringo na maangavu kama shanga za kioo. Wavu huinuliwa, humiminwa katika tumbo la mashua lililojazwa maji, hushushwa tena. Wanaume watu wazima hushindana na mapambazuko. Mnamo saa chache kazi ya mwaka huwa imekwisha.

Kazi inayofuata ni ya kina mama, watoto na wazee pia, kwa maana mayai yaliyovuliwa hayajawa mali bado. Humwagwa katika mashimo ya udongo yaliyochimbwa kando ya mto na kutandikwa kitambaa, au siku hizi katika matangi ya saruji yaliyojengwa na serikali, na lazima maji yake yachezwechezwe na kubadilishwa mchana na usiku. Mayai huanguliwa baada ya saa kama kumi na nane hivi hadi siku nzima. Kitokacho humo ni kitu chembamba kuliko uzi, chenye macho mawili meusi. Wabengali humwita renu, neno ambalo pia ni chavua ya maua.

Hesabu za mto huu hupanda na kushuka kwa namna inayotisha. Mwaka 2016 zilichotwa kilo 735 tu, tena za sampuli. Samaki walionja maji wakakataa. Mwaka 2018 zilipatikana kilo 22,680. Tarehe 22 Mei 2020, siku mbili baada ya kimbunga kilichoitwa Amphan, watu zaidi ya 600 katika mashua karibu 280 walichota kilo 25,536, mavuno ambayo hayakuwa yameonekana kwa miaka zaidi ya kumi. Mwaka 2021 zilikuwa kama kilo 8,500, na maji ya chumvi kutoka baharini yalitajwa kuwa sababu moja. Mwaka 2024 zilishuka hadi kilo 1,680 hivi.

Radi na mwezi haviko mikononi mwa mtu. Lakini mengine yote yako mikononi mwa watu, na hapo ndipo habari ya Halda inaponichoma moyo. Katika karne ya 20 kona kadhaa za mto zilikatwa ili maji yapite moja kwa moja na mafuriko yapungue. Wahandisi waliona kona kuwa upotevu wa njia. Kwa samaki kona ni nyumba, maana penye kona maji huchimba shimo refu ambalo wazazi wakubwa hujificha humo, na mzunguko wa maji hapo ndio unaoyachanganya mayai na mbegu za dume. Huko juu kilijengwa kizuizi kinachojazwa hewa kama tairi, cha kuhifadhi maji ya kumwagilia mashamba wakati wa kiangazi, na chini yake mto hubaki ukikauka. Kwenye vilima vya Manikchhari, penye chemchemi zinazoulisha mto, watu walipanda tumbaku, na dawa za tumbaku huteremka na mvua ile ile ambayo samaki wanaingoja. Viwanda navyo vikatupa uchafu katika vijito. Mnamo Juni 2018, miezi michache tu baada ya mavuno mazuri, samaki wakubwa walionekana wakielea wamekufa baada ya mafuriko kuukusanya uchafu huo wote na kuutia mtoni kwa pamoja. Mwaka 2024 wazazi wengine walikufa. Pomboo wa Ganges, mnyama mpole asiyeona vizuri anayeishi mtoni humo, amekufa kwa idadi inayozidi 30 tangu mwaka 2017, wengine wakijeruhiwa na mapanga ya mitambo ya mashua.

Serikali haikukaa kimya. Kuvua samaki kulipigwa marufuku mwaka mzima katika sehemu yote wanakozalia, kutoka Nazirhat hadi Kalurghat. Mashua za injini na uchimbaji mchanga vilikatazwa. Mwaka 2019 mtambo mmoja wa umeme na kiwanda kimoja cha karatasi vilisimamishwa kwa kosa la kuchafua maji, na wataalamu wengi waliyahusisha mavuno ya mwaka uliofuata na hatua hiyo, pamoja na ule utulivu wa marufuku ya Corona. Desemba 2020 mto wote ulitangazwa kuwa urithi wa taifa wa samaki. Haya si kwa ajili ya samaki peke yao: Halda ndio mmoja wa mito inayochotwa maji ya kunywa ya mji wa Chittagong, wenye mamilioni ya watu.

Wizi wa usiku haujaisha hata hivyo. Rui wa Halda mwenye kilo 10 ni pesa nyingi sokoni, na mtu maskini mwenye wavu hafikirii mayai ya mwaka ujao. Hapa nadhani wanakijiji wachotaji wamefanya kazi kuliko askari. Wao hawamtaki rui kwa chakula cha leo. Wanamtaka akiwa hai, mkubwa, na mwenye tumbo. Kila samaki mkubwa anayeibwa ni ndoo za mayai zilizotoka katika mashua zao.

Msomaji wa Kisumu au Busia asifikiri mambo haya ni ya mbali. Samaki wetu ningu, anayeitwa na wataalamu Labeo victorianus, ni wa jamii moja kabisa na rui: lile Labeo la kwanza ndilo jina la ukoo wao. Ningu naye aliishi ziwani Victoria, na mvua kubwa ilipofika alipanda mito ya Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu, Mara na Kagera kwa makundi makubwa kwenda kutaga penye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Alikuwa miongoni mwa samaki waliotegemewa sana. Lakini kila mtu aliijua njia yake, na nyavu ziliwekwa kwenye midomo ya mito wakati ule ule majike walipokuwa wakipita na mayai. Nyavu za nailoni zilipoenea, kazi ikawa rahisi zaidi. Kufikia miaka ya 1960 wataalamu walikuwa wakiandika juu ya kuporomoka kwake, miaka mingi kabla ya mbuta kulaumiwa kwa kila baya la ziwani. Leo ningu yumo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Watafiti wa Uganda na Kenya wamefaulu kumzalisha kwa sindano ya homoni, mbinu ile ile iliyofanikiwa Cuttack mwaka 1957. Mitoni kwenyewe vijana wengi wa leo wamelisikia jina tu kutoka kwa babu zao.

Tuliwaacha vifaranga wa Halda mashimoni. Kwa kawaida siku ya nne ndiyo siku ya soko. Wanunuzi hufika kutoka wilaya za mbali, wakipiga magoti kando ya mashimo na kuchota kidogo katika bakuli jeupe ili watazame namna wanavyoruka. Renu huuzwa kwa kilo. Huhitajika makumi ya kilo za mayai kupata kilo moja yao, na kilo hiyo huuzwa kwa makumi ya maelfu ya taka. Msomaji asicheke, taka ndiyo sarafu ya Bangladesh. Bei hupanda mwaka wa uhaba, na wako matapeli wanaokuja na vifaranga wa vituoni na kuwaita wa Halda, hivi kwamba mnunuzi mzoefu hataki kuuziwa nyumbani kwa mtu. Anataka kusimama kwenye shimo.

Vifaranga husafirishwa katika masufuria makubwa ya alumini yaliyojaa maji ya mto. Siku hizi wengi hutumia mifuko ya plastiki iliyotiwa oksijeni, lakini mchukuzi wa kizamani yungali yupo. Hupanda gari moshi au basi na sufuria lake, akakaa chini karibu nalo, na safari nzima mkono wake mmoja haupumziki: anayapigapiga maji taratibu ili hewa iingie, saa baada ya saa, mpaka afike kwenye kidimbwi cha mwenyewe.